Bi Fusae Asimulia Historia ya Chama

Kiharusi kilimpokonya Sonoda Eikichi maneno yote, kikamwachia haya tu: "Japani ni ya Wajapani!" Akitaka maji alisema hayo. Akitaka kugeuzwa, kufungiwa dirisha au kupelekwa chooni, alisema hayo hayo, kwa sauti iliyonyooka kabisa, kama mtu asiyeumwa. Daktari alieleza kwamba maneno ambayo mtu ameyarudia mno hukaa mahali pake kichwani, ugonjwa ukazoa mengine na kuyaacha hayo. Na Eikichi aliyarudia kweli. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila Jumapili, aliyapiga kwa kipaza sauti kutoka juu ya gari jeusi, katika mitaa yote ya Takeura, mji wa viwanda ulio kusini ya Osaka.

Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo kutwa nzima sasa ni Wening, mwanamke wa Kijava aliyeletwa na kampuni ya uuguzi wa majumbani. Alikuja kwa baiskeli, na kitambaa chake cha kijivu kichwani, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaingia kumwosha mzee.

"Japani ni ya Wajapani!" mzee alimfokea.

"Sawa, babu, maji yanakuja."

Siku za kwanza Bi Fusae, mkewe, alitamani sakafu impasukie. Alimfuata Wening jikoni akamwomba radhi.

"Hapana neno, mama," Wening alijibu. Kijapani chake alikisomea darasani, kwa hiyo alizungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Mheshimiwa babu hana nia mbaya. Kwa wakati huu anahitaji kugeuzwa upande wa kushoto."

Bi Fusae akacheka. Hakukumbuka ni lini alicheka mara ya mwisho ndani ya nyumba ile. Alikuwa na miaka sitini na saba, na karakana ya mikeka minene ya tatami iliyokuwa chini ya nyumba aliiendesha peke yake sasa, mashine, lori na yote. Ghorofani juu ya karakana ndiko Chama cha Ardhi ya Mababu kilikozaliwa. Wanachama walikwisha kuhamia ofisi yenye vioo karibu na stesheni, wakamwachia Eikichi cheo cha Mwalimu wa Heshima na lile gari jeusi, ambalo vijana waliona aibu kulipanda.

*

Hirukawa Takuto, kiongozi wa chama, alikuja kumwona mgonjwa majuma machache kabla ya uchaguzi wa baraza la mji. Alileta tikiti tamu la bei kubwa ndani ya sanduku la mbao, limefungwa utepe.

"Mama, umekonda," alisema, akiketi kando ya kitanda bila kukaribishwa. "Na huyu ndiye anayemhudumia Mwalimu?"

"Ndiye. Anaitwa Wening."

"Aa." Hirukawa alimtazama Wening juu hadi chini, kisha akatabasamu. "Endelea, endelea, usijali mimi."

Wening alikuwa akimlisha mzee uji wa wali. Uji ulimtiririka mzee kidevuni, Wening akampangusa kwa kitambaa, mzee akafumba macho kama mtoto. Hirukawa akatoa simu.

"Picha ya kumbukumbu tu, mama. Vijana ofisini wananiuliza hali yake kila siku."

Bi Fusae hakupenda, lakini tikiti lilikuwa limeshapokelewa, na mtu aliyekuletea tikiti la namna ile humwambii aondoe simu. Akainama akamimina chai.

Aliyekuja kumwonyesha ilikofikia picha ile ni kinyozi wa jirani, aliyeingia karakana na simu mkononi na uso wa mtu aliyetumwa msibani. Picha ilikuwa kwenye ukurasa wa chama. Mdomo wa Eikichi wazi, uji kidevuni, mkono wa Wening, kitambaa cha kijivu. Juu yake maandishi mekundu: HATA MWANZILISHI WETU AMEANGUKIA MIKONONI MWAO. MCHAGUE HIRUKAWA KABLA HAWAJAFIKA KWA BABA YAKO. Chini yake watu wasiojulikana walikuwa wakiulizana mke wake ni mwanamke gani, amekwenda wapi, mbona amemwachia mgeni mumewe kama mtu anayetupa godoro kuukuu.

"Pole, mama Sonoda," kinyozi alisema. "Nimeona bora uione kwangu."

Asubuhi iliyofuata Wening alifika na kidevu kilichochubuka na goti la suruali limechanika. Alivua viatu, akanawa mikono.

"Nini hicho?"

"Nilianguka kwenye baiskeli, mama."

"Ulianguka au uliangushwa?"

Wening alipanga taulo zake kwanza. "Walikuwa vijana wawili kwenye pikipiki. Mmoja alikivuta kitambaa changu kwa nyuma. Tafadhali usiiarifu kampuni, mama. Wakisikia wataniondoa hapa, na mimi ninahitaji kituo hiki."

Kutoka kitandani mzee aliita, "Japani ni ya Wajapani!"

"Nakuja, babu," Wening alisema, na akaenda akichechemea.

*

Ofisini kwa chama Bi Fusae alikalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kuchapa. Vijana wenye fulana nyeupe walikuwa wakikunja vipeperushi. Hakuna aliyemjua. Ukutani palikuwa na picha ya siku ya kuanzishwa kwa chama, wanaume wanne ghorofani kwake. Pembeni ulionekana mkono wa mwanamke umeshika sinia, mwenyewe amekatwa nje ya picha.

Hirukawa alitoka chumba cha ndani akizungumza kwenye simu, akamwonyesha kidole asubiri, akapita nje. Aliporudi alikuwa na wageni wawili waliovaa suti.

"Mama! Samahani sana. Kwa kuwa uko hapo karibu na birika, tuwekee chai basi. Hakuna anayejua kuweka chai kama mama wa chama chetu."

Wageni walicheka kwa upole. Na Bi Fusae akasimama. Kabla hajafikiri lolote mikono yake ilikwisha kushika birika, ikapasha vikombe, ikamimina, ikaviweka mbele ya kila mtu kwa mpangilio wa vyeo. Ilipokwisha aliitazama mikono ile kama watu waliomsaliti.

Wageni walipoondoka alisema, "Takuto, iondoe ile picha."

"Haiwezekani, mama. Haijapata kutokea picha yetu ikatazamwa na watu wengi namna ile."

"Yule mtoto wa watu ameangushwa barabarani."

"Sasa hilo mimi nimefanya? Mimi nimeweka picha tu. Na mwenyewe Mwalimu ndiye aliyetufundisha: tumia ulichonacho." Aliegemea kiti. "Angekuwa mzima angeniruhusu. Unajua angeniruhusu."

Bi Fusae alijua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mimi nitasema, Takuto."

"Utasema nini?"

"Ninayoyajua."

Hirukawa akacheka, si kwa hasira, ila kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Mama yangu. Miaka yote hii hakuna aliyepata kusikia sauti yako. Utamwambia nani, na nani akusikilize? Nenda ukapumzike. Nitawatuma vijana walete tikiti jingine."

*

Alirudi nyumbani akasimama mlangoni mwa chumba cha mumewe. Wening alikwisha kuondoka. Eikichi alimwona uso, akaanza kusema maneno yake pole pole, akiyavuta, na machozi yakimshuka mpaka masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali.

"Kama unaomba msamaha," Bi Fusae alimwambia, "sikusikii. Kama unanikataza, vile vile sikusikii. Umesema vya kutosha."

Alimbadilisha nguo, akamlisha, akamfunika. Kisha akashuka karakana, akafungua turubai lililofunika gari jeusi, akaunganisha betri yake na mashine ya kuchajia ya lori. Gari lile lilinunuliwa kwa shamba la mpunga alilorithi kwa mama yake. Hakuwahi kuliendesha hata mara moja.

Siku ya kufungua kampeni, Hirukawa alihutubia mbele ya stesheni, wakati wafanyakazi wakiingia kazini. Alisimama juu ya sanduku lenye jina lake, glavu nyeupe mikononi, kamera nne tano zimemwelekea. Gari jeusi lilipojitokeza kwenye kona, na bendera zake zilizofifia, alifurahi kweli.

"Tazameni, ndugu zangu! Gari la Mwalimu wetu! Familia ya mwanzilishi imekuja kutuunga mkono!"

Watu wakapiga makofi. Bi Fusae akaegesha upande wa pili wa barabara, akafunga milango kwa ndani, akawasha kipaza sauti. Kwanza kilipiga yowe, njiwa wa stesheni wote wakaruka. Kisha sauti yake ikatoka juu ya paa, nzito, kubwa kuliko alivyotazamia, hata yeye mwenyewe akashtuka.

"Habari za asubuhi. Mimi ni Sonoda Fusae, mke wa Sonoda Eikichi. Hirukawa ameniambia hakuna atakayenisikiliza. Kwa hiyo nimekuja na spika."

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakapunguza mwendo.

"Nataka niwape historia ya chama hiki. Kilianzishwa na wanaume wanne, baada ya kiwanda cha taulo kuhamishiwa China. Walikuwa wamefukuzwa kazi na tajiri wa Kijapani, aliyevaa suti ya Kijapani. Kwake hawakwenda kupiga kelele. Walikwenda kwa watu wa soko la Wakorea, kwa sababu pale ni karibu na hawana walinzi."

"Mama, zima hiyo!" Hirukawa aliita kwa kipaza sauti chake. Chake kilikuwa kidogo.

"Huyo anayeniita mama alikuja kwetu kijana mwenye njaa. Nilimlisha mimi. Kila Jumapili walizunguka wakiwatukana Wakorea, halafu ikifika jioni wanapita mlango wa nyuma wa mgahawa wa Mzee Ko, kula nyama ya kuchoma, kwa sababu nyama yake ilikuwa tamu na aliwavumilia. Hirukawa, wewe ulikuwa unapenda ulimi wa ng'ombe. Ulikuwa unaongeza kitunguu."

Sasa hapakuwa na aliyeingia stesheni. Vijana wa fulana nyeupe walikimbia wakavuka barabara, wakaanza kupiga vioo vya gari kwa viganja. Bi Fusae hakuwatazama.

"Walishindwa uchaguzi mara ya kwanza. Wakashindwa tena. Mnakumbuka simba wa mawe wa pale hekaluni, aliyevunjwa kichwa? Mnakumbuka chama kilisema ni mtoto wa Ko aliyemvunja? Mji mzima ulikasirika, na ndipo walipopata kiti chao cha kwanza na cha pekee barazani. Kiti hicho hicho anachokitetea leo." Akavuta pumzi, na pumzi yake ikasikika barabara nzima. "Simba yule alivunjwa na Hirukawa Takuto. Alichukua nyundo karakana kwetu. Aliirudisha ina vumbi la jiwe, na mume wangu akaisafisha, wakanywa pombe. Mzee Ko alipigwa mawe vioo vya mgahawa mpaka akafunga, akahama, akafia ugenini. Hiyo ndiyo historia ya chama. Mkitaka kukipigia kura, kipigieni mkijua."

Polisi mmoja wa makamo alifika akagonga dirisha kwa kifundo cha kidole, taratibu.

"Mama, kuvuruga mkutano wa mgombea ni kosa. Shuka, twende."

"Nimemaliza," Bi Fusae alisema, akasahau kuzima, na neno hilo nalo likasikika mpaka ndani ya stesheni. Ng'ambo ya barabara Hirukawa alikuwa bado juu ya sanduku lake. Midomo ilimcheza, lakini hakuna aliyekuwa amemgeukia.

*

Polisi walimhoji, wakamwonya, wakamrudisha nyumbani na karatasi ya kuitika akiitwa. Video ilikwisha kusambaa. Hirukawa alisema mama wa watu amechanganyikiwa kwa kuuguza. Hapo waandishi wakamwendea mmoja wa wale wanne wa mwanzo, Tokuda, mzee mwenye kinyongo chake, kwa sababu Hirukawa alimfuta uanachama bila hata kumpigia simu. Tokuda alisema ni kweli, nyundo aliiona. Wafadhili wakajitenga, vijana wa fulana nyeupe wakaanza kutupiana lawama wao kwa wao mitandaoni, na kura zilipohesabiwa Hirukawa alikuwa wa mwisho.

Siku walipokuwa wakihama ofisi, Bi Fusae alinunua kiazi kitamu cha kuchoma kwa muuzaji wa pale stesheni, akasimama ng'ambo, akala akitazama. Alikula polepole, pamoja na maganda. Hirukawa alitoka na sanduku mikononi, akamwona, akavuka barabara. Alikuwa hajanyoa.

"Umefurahi?"

"Bado. Kuna bango juu ya mlango hujalishusha."

"Ulikuwa kama mama yangu."

"Ndiyo maana najua ulichokula na ulichovunja. Nenda kalishushe."

Akasimama mpaka likashushwa. Njiani kurudi alihisi mwili mwepesi, kama msichana, na hakuona haya kwa furaha ile.

Nyumbani alimkuta Wening anakunja aproni yake. Kampuni ilikuwa imepiga simu. Ukuta wa karakana ulikuwa umeandikwa matusi kwa rangi na watu wasiojulikana, na kampuni ilisema nyumba ile si salama kwa mfanyakazi wao. Anapelekwa mji mwingine, mbali na wenzake wote aliowazoea.

"Lakini nimewamaliza," Bi Fusae alisema. "Nimekulipizia."

Wening alifikiri namna ya kusema. "Mama, mimi sikukuomba hilo. Nilikuomba kampuni isijue." Kisha, kwa kuwa gari la kampuni lilikuwa likimsubiri, akamvuta Bi Fusae kando ya kitanda. "Sikiliza, tafadhali. Babu akisema haraka, ni maji. Akivuta mwisho, ni choo. Akisema chini chini, haumwi, anaogopa tu. Mshike mkono huu, wa kushoto. Ule wa kulia hausikii."

Akamwinamia mzee, akavaa viatu, akaenda.

*

Mama Ko, mjane wa Mzee Ko, alikuja siku ya mvua, bila taarifa, na fimbo. Bi Fusae alimtambua kwa namna ya kusimama kabla ya kumtambua uso. Zamani walikuwa wakipeleka watoto wao shule pamoja kila asubuhi, mmoja akiumwa mwingine anapeleka wote.

"Karibu. Karibu ndani, tafadhali, utalowa."

"Nitakaa hapa hapa."

Akaketi kwenye ukingo wa sakafu pale pa kuvulia viatu, hakuvua vyake. Kutoka ndani ilisikika pumzi ya Eikichi aliyelala. Mama Ko alisikiliza, akakunja mdomo.

"Mjukuu wangu alinionyesha video," alisema. "Nimeitazama mara nyingi. Mwanangu naye ameitazama. Anasema sasa anaweza kurudi Takeura akipenda. Nimemwambia arudi kufanya nini."

"Mama Ko, nilitaka watu wajue."

"Wamejua. Umesema vizuri. Jina la Hirukawa umelitaja. Jina la mumeo umelitaja, naye hawezi hata kukujibu. La mume wangu pia umelitaja, ukalipigia spika stesheni nzima, bila kuniuliza." Aligeuka akamtazama. "La kwako sikulisikia. Umejitaja mwanzo kama mtu anayejitambulisha harusini, basi. Kwenye hiyo historia wewe ulikuwa wapi?"

Bi Fusae akatazama fimbo ya mgeni ikichuruzika maji sakafuni.

"Nitakukumbusha. Vioo vilipovunjwa mara ya kwanza, nilikuja hapa. Nilisimama hapa hapa. Mwanangu alikuwa amefungiwa chumbani, haendi shule, wenzake wanamwita mvunja miungu. Nikakuuliza, Fusae, wewe unakaa na hawa watu, wanakula kwako, kuna chochote unachokijua? Ulinijibu nini?"

"Nilisema sijui."

"Ulisema hujui. Ukanipa na matango ya achari nipeleke nyumbani. Na nyundo ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa... ukutani. Nyuma yangu."

"Nyuma yako." Mama Ko alitikisa kichwa polepole. "Sisi, miaka yote hiyo ulitukalia kimya. Walipokuaibisha wewe kwa picha, ukapata sauti siku ile ile. Mimi sikuja kukutukana. Hirukawa nilimlaani nikamaliza, na huyo aliyelala humo ndani Mungu anamshughulikia. Nilikuwa nimebakiza wewe, na nilitaka unione nikikwambia."

Bi Fusae akapiga magoti. Akaweka viganja juu ya mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa majani. Takeura, mtu akikuinamia hivyo, hata awe muuza bima aliyekosea mlango, utamwambia inuka, inua kichwa, yaishe. Husemi kwa kuwa umesamehe. Unasema kwa kuwa ndiyo adabu, na anayeinama huisubiri sauti hiyo ndipo ainuke.

Aliisubiri. Alisikia fimbo ikigusa saruji. Alisikia mwavuli ukikung'utwa, ukafunguliwa. Mlango wa kusukuma ukasukumwa, haukurudishwa, na mvua ikawa inarusha matone ndani mpaka kwenye mikono yake. Hatua za Mama Ko zikaenda, polepole, za mtu asiye na haraka ya kufika popote, na Bi Fusae, paji la uso juu ya mkeka alioushona mwenyewe, akabaki vile vile.